Muamala

Neno hili tulilolipokea kutoka Kiarabu, nduguye amali na amili, asili yake ni kutendeana baina ya watu, hata mzee wa Lamu anenapo kwamba fulani ana muamala mwema, hakusudii fedha bali tabia. Sasa latumika kwa Bitcoin, sarafu iliyoanza Januari 2009, ambayo mwenye kuituma huutia muamala wake saini kwa ufunguo wa siri, ukatangazwa mtandaoni, kompyuta zikahakiki kwamba fedha ile haijatumiwa kwingine, kisha wachimbaji, yaani wenye kompyuta zishindanazo kuandika daftari la miamala, wakaukusanya katika bloku, iliyo kama ukurasa wa daftari hilo, ipatikanayo kwa wastani wa kila dakika 10.

Je, aliyekosea anwani hurudishiwa? La, M-Pesa ina wahudumu wa kupigiwa simu, bali huku hakuna karani, na bloku 6 zikishatimia, watu kwa desturi huhesabu kuwa muamala umepita. Ada nayo, ajabu kwangu, haitazami wingi wa fedha bali ukubwa wa data. Na mwenye fungu la bitcoin 1 akituma 0.3, fungu zima hutumika, na baki, ada ikishatolewa, humrudia, aghalabu kwa anwani mpya, naye asiyejua hudhani kaibiwa.