Nakala ya Pili

Huenda wewe ni mmoja wa vijana wa Likoni, Kisauni au Changamwe wapendao kuunda kompyuta kwa mikono yao wenyewe. Kijana wa namna hiyo hununua kasha leo, diski mwezi ujao, na mwisho huviunganisha vipande vyote vikawa chombo kimoja. Hiyo ni kazi ya sifa. Lakini kompyuta iliyotoka kiwandani aghalabu huja na nakala ya programu zake, iliyowekwa katika sehemu ya siri ya diski, ili ikiharibika irudishwe katika hali yake ya awali. Kompyuta yako haina kiwanda nyuma yake. Kiwanda ni wewe. Siku itakapoanguka, itainuka kwa kile ulichokiweka akiba, wala si kwa kingine.

Haja ya kuweka akiba ya maneno ni ya kale kuliko umeme. Hebu tuvuke kivuko cha Likoni, tuingie kisiwani Mombasa katika zama za Muyaka bin Haji. Mshairi huyu aliishi wakati wa Mazrui, waliotawala mji mpaka ulipotwaliwa na Seyyid Said mwaka 1837. Muyaka alifariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa vinywani mwa watu, na kila mzee aliyezikwa alizikwa na sehemu yake. Miaka kama arobaini baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, na mmisionari Mwingereza, William Taylor, akayanakili. Sikujua alifariki mwaka 1890, na Taylor mwaka 1927. Lakini karatasi zao zilikwisha kuwa mahali pengine, nazo zimehifadhiwa London. Mwaka 1940 William Hichens alichapisha diwani ya Muyaka huko Johannesburg. Yatazame mambo haya kwa makini: shairi lililonakiliwa lilirudi kwetu baada ya miaka mia moja, shairi ambalo hapana aliyelikumbuka halikuwa na njia ya kurudi.

Waundaji wa kwanza wa kompyuta za nyumbani nao walifunzwa somo hilo mapema. Mwaka 1975 kampuni ya MITS, huko Albuquerque katika Marekani, iliuza Altair 8800 ikiwa vipande vya kuungwa na mnunuzi. Ilipozimwa, yote yaliyokuwa katika kumbukumbu yake yalifutika. Basi wenyewe walihifadhi kazi zao katika utepe wa karatasi uliotobolewa, au katika kaseti kama zile za nyimbo. Siku hizi diski hukumbuka hata umeme ukikatika, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba haisahau kamwe. Sivyo. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, na Kenya nzima ikakosa umeme. Kompyuta inayozimika ghafla hali inaandika yaweza kuliacha faili nusu, na faili nusu huenda lisisomeke tena.

Wako wasemao, "Mimi nimeweka diski mbili, kila neno huandikwa katika zote mbili." Ufundi huo ni mzuri. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walieleza namna ya kuzifanya diski nyingi zitumike kama moja, ili moja ikifa kazi isisimame. Lakini diski mbili za namna hiyo ni kama mtu na kioo chake. Ukilifuta faili katika moja, limefutika katika ya pili papo hapo. Na mwizi akilibeba kasha, amezibeba zote.

Kwa hiyo akiba ya kweli ina sehemu tatu. Kwanza ni flashi yenye mfumo wa kuiendeshea kompyuta, iwezayo kuiwasha hata diski ikiwa imekufa. Pili ni picha ya diski nzima, yaani nakala ya kila kilichomo kama kilivyo, uitengenezayo mara tu chombo kinapokuwa kimekamilika na kizima. Tatu ni nakala ya kazi zako mwenyewe, ambayo hapana budi uifanye upya kila juma, kwa maana programu hupatikana tena, bali insha yako haina duka liiuzalo.

Nakala hizo zisilale zote chini ya paa moja. Ukikaa Kisauni, mwachie shangazi yako wa Likoni diski moja. Mvua kubwa au moto wa nyumba moja hautafika ng'ambo ya pili. Wala usitegemee hifadhi ya mbali kupitia intaneti peke yake. Mwezi wa Februari 2012 nanga ya meli ilikata kebo ya TEAMS baharini karibu na Mombasa, kebo iliyounganisha mji huu na Fujairah. Mawasiliano yalizorota kwa siku nyingi, na aliyekuwa na akiba yake ng'ambo tu hakuwa na njia nyepesi ya kuifikia.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lisahauliwalo zaidi. Mashairi ya Muyaka yanasomwa leo kwa sababu maandishi yake yalifunguliwa, yakasomwa na yakaeleweka. Nakala isiyofunguka ni mzigo tu. Basi chagua siku moja katika kila muhula, uichukue ile diski, na ujaribu kurudisha faili moja, kisha ulisome mpaka mwisho. Likisomeka, akiba unayo. Lisiposomeka, umelijua hilo wakati kompyuta yako ingali hai, na nafasi ya kutengeneza nakala nyingine ingalipo.