Fulari ya yaya na mdudu wa mforsadi

Bandugu, yaya yangu anakusanya fulari za hariri. Juzi ametoa pesa ya makala ya mwezi mzima kwa moja ya tombola: Brides de Gala, ile ya hatamu za farasi, Hugo Grygkar aliyoichorea Hermès mwaka 1957. Akaniuliza: «Ni ya kweli?» Nikapima: sentimita 90 kwa 90. Pindo limeviringwa kwa mkono kuelekea upande wa picha. Dalili nzuri, lakini mimi ni mtu wa mashamba, siapi.

Ninachokijua ni mdudu. Hermès ilianza 1837 na vifaa vya farasi. Fulari ya kwanza ikatoka 1937. Wakati huo ufugaji wa hariri Ufaransa ulikuwa umeshaanguka. Katikati ya karne ya 19 pebrini iliua viwavi, wakulima wa Cévennes wakakosa pato. Mwaka 1865 Pasteur alitumwa Alès. Akawafundisha kupima nondo kwa hadubini na kutupa mayai ya wagonjwa. Kumbe Lyon ilikuwa imeshazoea nyuzi za Asia! Jina la mchoraji linajulikana, la mfugaji halijulikani.

Yaya hakungoja nimalize. Akaikunja pembetatu, fundo pembeni ya shingo, akaenda misa.