Chumvi ya Katwe na Jembe la Apolo

Ndugu zangu, chumvi hapa London haina heshima. Pakiti moja hununuliwa kwa peni chache, na daktari akitupima shinikizo la damu, jambo la kwanza ni kutuonya tuipunguze. Kwa hiyo watoto wetu wakisikia kanisani kwamba Mkristo amefananishwa na chumvi, huona ni sifa ndogo.

Huko tulikotoka mambo hayakuwa hivyo. Chukueni Katwe, ziwa la chumvi lililo ndani ya shimo la volkano, karibu na milima ya Ruwenzori, magharibi ya Uganda. Tangu zamani wanaume huingia majini wakang'oa mabonge ya chumvi chini ya ziwa, na kandokando hukatwa vidimbwi ambamo maji hukaushwa na jua. Maji hayo huchoma ngozi. Mwenye kidonda ataeleza vizuri zaidi. Wafalme waligombania ziwa hilo, na Kapteni Frederick Lugard alipofika 1891 alijenga boma papo hapo, Fort George. Hakuna ajengaye boma kwa ajili ya kitu cha peni chache.

Kule Kibiro, kando ya Ziwa Albert, chumvi ni kazi ya wanawake. Hutandaza udongo juu ya ardhi yenye chumvi, wakaukusanya, wakaumwagia maji katika chungu chenye matundu, kisha wakayachemsha maji yaliyochuruzika. Udongo uliobaki chunguni kwa macho ni uleule. Uonje, ni udongo tu. Naona hapo ndipo yanapoeleweka yale yaliyoandikwa katika Mathayo, sura ya 5, juu ya chumvi iliyopoteza ladha. Chumvi safi haipotezi ladha. Ile iliyochanganyika na udongo ndiyo huchujwa na mvua, likabaki umbo.

Lugha yetu nayo inajua kipimo: aliyekula chumvi nyingi ni mzee wa kusikilizwa, bali atiaye chumvi katika habari hatumwamini.

Vijana wetu huniuliza, mtu atakuwaje Mkristo mahali pa kazi ambapo jina la Mungu halitajwi kutwa nzima? Mimi huwaeleza habari za Apolo Kivebulaya, aliyepita katika nchi hizohizo za Ruwenzori. Alikuwa Mganda, akabatizwa 1895. Jina la Kivebulaya lilitokana na koti jekundu alilolivaa, maana yake kitu kilichotoka Ulaya. (Kwa kipimo hicho, kitabu hiki chote ni cha akina Kivebulaya.)

Mwishoni mwa 1896 alipelekwa Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, ambako leo ni Kongo. Alipoonywa kwamba huko hatapewa chakula, alinunua jembe. Hakungoja alishwe na watu aliokwenda kuwafundisha. Nadhani jembe lile lilihubiri kabla yeye hajafungua kinywa, na ndilo jibu langu kwa vijana.

Wala hakupokewa kwa shangwe. Alipigwa kwa amri ya chifu Tabaro. Kisha dada yake chifu akafa kwa mkuki uliofichwa majanini. Apolo akashitakiwa, akafungwa gerezani Toro mwaka 1898. Alipoachiliwa angeweza kwenda zake Buganda, na nani angemlaumu? Hakukata kamba na Mboga, na Tabaro mwenyewe alibatizwa.

Alipewa ukasisi 1903, hakuoa, na miaka ya 1920, hali ni mtu mzima, aliingia msitu wa Ituri kuwafundisha Wambuti. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933, na Kanisa la Uingereza limeiweka siku hiyo katika kalenda yake kumkumbuka.

Aliacha agizo moja juu ya maziko yake: kichwa chake kilazwe upande wa magharibi, kuelekea msituni, ambako kazi ilikuwa bado haijafika.