Munganga wa Montréal na sumu iliyoletwa Léopoldville

Wasomi wenzangu, tukisikia "majaribio ya siri kwenye ubongo" tunawaza filamu: chumba cha giza na munganga kichaa. Ewen Cameron hakuwa vile. Alikuwa Mskoti, mkubwa wa hospitali ya akili ya Allan Memorial, Montréal, Kanada, chini ya chuo kikuu cha McGill. Mwaka 1961 akawa rais wa kwanza wa chama cha dunia nzima cha waganga wa akili. Mtu wa heshima kabisa.

Wagonjwa walimwendea na shida za kawaida: wasiwasi, huzuni ya kisha kuzaa. Yeye aliamini kwamba akili iliyoharibika inafutwa kwanza kama ubao wa darasa, halafu inaandikwa upya. Basi akawalaza kwa dawa siku nyingi, wengine majuma na majuma. Akawapiga umeme kichwani kupita desturi yote ya hospitali. Wengine akawapa LSD. Kisha kanda: sentensi moja fupi inarudiliwa masikioni mwa mgonjwa, maelfu ya mara, mchana na usiku. Kufuta, alifaulu. Kuandika upya, hapana. Kuna waliorudi nyumbani hawatambui tena watu wao, na watu wazima waliojifunza upya hata kwenda chooni.

Kinachonishangaza mimi ni hiki: mbinu yenyewe haikufichwa. Mwaka 1956 aliichapisha katika jarida kubwa la waganga wa akili la Marekani, na njo vile CIA ilimuona. Kuanzia 1957 ikamlipa kupitia shirika la utafiti lililoundwa kwa kuficha mkono wake. Serikali ya Kanada nayo ilimpa pesa, waziwazi. Siri ilikuwa nani mwingine analipa. Na mgonjwa, yeye, hakuulizwa kitu.

Pesa ya CIA ilitoka kwenye programu ya MK-Ultra, chini ya mkemia Sidney Gottlieb. Jina hili sisi Wakongomani tulishike. Septemba 1960 ni yeye mwenyewe aliyeshuka Léopoldville, Kinshasa ya leo, na sumu ya kumuua Patrice Lumumba, akaikabidhi kwa Larry Devlin, mkubwa wa CIA pale. Sumu ile haikutumika. Lumumba aliuawa kwa risasi Katanga, tarehe 17 Januari 1961. Lakini ona: mtu mmoja, ofisi moja, Montréal na kwetu.

Mwaka 1973 makaratasi ya MK-Ultra yaliharibiwa kwa amri. Yalibaki ya hesabu za pesa, yaliyokuwa yamewekwa pengine, yakaonekana 1977. Cameron alikuwa amekufa tangu 1967, akipanda mlima, hakuna aliyemuuliza. Mwaka 1988 CIA ililipa wagonjwa tisa dola 750,000 za kugawana. Mwaka 1992 Kanada ikakubali kulipa dola 100,000 kwa kila mmoja wa watu 77. Wengine wengi waliomba wakakataliwa, eti hawakuharibika vya kutosha.