Mtihani wa Mtu Mwenye Kazi

Leo twataka kuzungumza habari za mtihani. Si ule wa mtoto aliye darasani, bali ule wa mtu mzima mwenye kazi yake, ambaye hawezi kuingia katika utumishi wa serikali, wala kupandishwa daraja, ila aufaulu. Habari hizi twawaelekea hasa vijana wa Mvumi, yaani Mvumi ya Kilosa, si ile ya Ugogo, pamoja na wenzao wa vijiji vingine. Mchana wamo shambani, dukani au ofisini; jioni ndipo wafunguapo daftari. Wengi hudhani kwamba taabu hiyo ni yao peke yao. Historia yaonyesha kwamba sivyo.

Zamani, katika nchi nyingi, kazi za serikali zilitolewa kwa jamaa na marafiki wa wakubwa. Wachina walitangulia kutumia mtihani wa kuandika, na desturi hiyo ilidumu kwao kwa miaka 1,300 hivi, mpaka ikafutwa mwaka 1905. Huko Uingereza, taarifa ya mwaka 1854 ililaumu tabia ya kupeana kazi kwa kujuana. Mwaka uliofuata ikaundwa tume ya kuwapima waombaji, na mwaka 1870 kazi nyingi za ofisi za serikali zikafunguliwa kwa kushindania mtihani. Kusudi lilikuwa jema: mwana wa maskini aulizwe swali lile lile aulizwalo mwana wa tajiri.

Hata hivyo, swali kuwa moja si haki kamili. Mtihani wa kuingia katika utumishi mkubwa wa serikali ya Bara Hindi ulifunguliwa kwa mashindano mwaka 1855, lakini ulifanywa London tu, na kwa Kiingereza. Mhindi wa kwanza kuufaulu, Satyendranath Tagore, aliupata mwaka 1863, naye ilimlazimu kuvuka bahari kwanza. Watu wa Bara Hindi walingoja mpaka mwaka 1922 ndipo mtihani huo ukaanza kufanywa katika nchi yao. Basi kwa kila mtihani yatupasa kuuliza mambo matatu: waulizwa kwa lugha gani, wafanywa mahali gani, na mtu mwenye kazi apata wapi wakati wa kujifunza.

Katika nchi yetu jambo la lugha lilikuwa na pande mbili. Wakati wa utawala wa Waingereza, waliohangaika na vitabu baada ya kazi hawakuwa makarani peke yao. Bwana shauri kijana, aliyetoka Ulaya na kuletwa katika boma kama la Kilosa, alitakiwa afaulu mtihani wa Kiswahili, na wa sheria pia. Mchana alisikiliza mashauri, akakagua kodi na barabara. Jioni aliketi na kitabu cha sarufi. Lakini sarufi haikutosha, kwa maana alipimwa pia kwa mazungumzo. Aliyejifungia chumbani na kitabu chake alichelewa. Aliyezungumza na tarishi, mpishi na wazee wa baraza, akakubali kusahihishwa nao, alitangulia. Hapo mtawala alikuwa mwanafunzi, na raia alikuwa mwalimu.

Kwa Mwafrika mlango ulikuwa mwembamba zaidi, kwa sababu cheo kikubwa kilitaka Kiingereza, na shule za kukifundisha zilikuwa chache. Bwana Martin Kayamba, aliyezaliwa Unguja mwaka 1891 na kusomeshwa na misioni huko Kiungani, alikuwa karani kwa miaka mingi. Mwaka 1922, huko Tanga, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha watumishi wa serikali Waafrika, kilichowaunganisha makarani na walimu, Waislamu na Wakristo. Mwaka 1932 akawekwa katika ofisi kuu ya serikali mjini Dar es Salaam, cheo kikubwa sana kwa Mwafrika wa siku zile. Wenzake waliona jambo moja: mtumishi aliye peke yake huchoka upesi, lakini waliokusanyika hupashana habari na kutiana moyo.

Wengine walikuja nyuma yao. Mwalimu Julius Nyerere, alipokuwa akifundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, alijiandaa kwa mtihani wa kuingilia chuo kikuu uliotungwa London, akaufaulu, na mwaka 1949 akaenda kusoma Edinburgh. Bwana Tom Mboya, mkaguzi wa afya mjini Nairobi, alipokea masomo kwa njia ya posta kutoka Afrika ya Kusini huku akiendelea na kazi yake, na mwaka 1955 akaenda kusoma Oxford. Hakuna kati yao aliyengoja kwanza apate nafasi.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 yale maswali matatu yalianza kujibiwa upya. Mwaka 1967 serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake. Huko Mzumbe, mkoani kwetu Morogoro, shule ya serikali za mitaa iliyoanzishwa mwaka 1953 ilikua ikawa chuo cha uongozi mwaka 1972, na chuo kikuu mwaka 2001. Sheria ya mwaka 1992 ilianzisha Chuo Kikuu Huria, ili mtu asome pasipo kuiacha kazi yake. Lugha imesogea, mahali pamesogea. Swali la tatu, la wakati, hakuna sheria iwezayo kulijibu peke yake.

Basi twawashauri hivi vijana wanaongoja kuitwa kwenye usaili wa kuandika. Chagueni saa moja ya kila siku, alfajiri au baada ya chakula cha jioni, wala msiibadili ovyo. Haba na haba hujaza kibaba. Tafuteni mwenzi mmoja au wawili mtakaoulizana maswali. Andikeni majibu kwa mkono, kisha myapime kwa saa, kwa kuwa wengi hushindwa si kwa kutojua, bali kwa kuishiwa na wakati. Someni sheria na kanuni za kazi muiombayo, wala msitegemee uvumi wa watu wa barabarani.

Na ninyi wazazi na wake kwa waume wa nyumba, neno letu la mwisho ni lenu. Mtu arudiye kutoka shambani akafungua kitabu haikimbii kazi ya nyumbani. Mwachieni taa na utulivu wa saa moja. Akifaulu, mtakuwa mmefaulu pamoja naye. Asipofaulu, elimu ile itabaki nyumbani mwenu, na watoto watakuwa wameiona kwa macho yao.