Benga ya kale yafifia redioni katika ukanda wa Ziwa

ANAYEFUNGUA redio asubuhi katika soko la Pap Onditi, eneo la Nyakach, Kaunti ya Kisumu, hakosi kusikia Dholuo. Habari husomwa kwa Dholuo, matangazo ya biashara ni ya Dholuo, na wasikilizaji wanaopiga simu hubishana kuhusu siasa kwa lugha hiyo hiyo. Kinachoadimika ni gitaa la benga ya kale.

Hali hii inastaajabisha, kwani benga ilizaliwa na kulelewa katika ukanda huu wa Ziwa Victoria.

Mtindo huo uliibuka baina ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na miaka ya 1960, vijana wa Kiluo walipochukua gitaa na kulifanya liseme kama nyatiti, ala yao ya jadi yenye nyuzi nane. Mpigaji huchopoa uzi mmoja mmoja badala ya kuzikwaruza nyuzi zote kwa pamoja. Gitaa la besi nalo halijifichi nyuma, bali hukimbizana na sauti ya mwimbaji.

Wimbo wa benga huwa na sehemu mbili. Kwanza mwimbaji husimulia kisa chake: mapenzi, msiba, sifa za rafiki au kijembe kwa wakubwa. Kisha maneno hupungua na magitaa kushika kasi, huku majina ya watu na vijiji yakitajwa juu ya mdundo.

Umbo hilo liliafikiana mno na santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Kisa kiliwekwa upande wa kwanza, dansi upande wa pili. Mtangazaji aliyejua kazi yake aliigeuza santuri, na wapenzi wa muziki walisubiri wakati huo kwa hamu.

Miaka ya 1970 ndiyo iliyokuwa kilele. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati nchini Tanzania, alivuma na bendi yake ya Shirati Jazz. Ochieng' Nelly na Collela Mazee waliongoza Victoria Jazz. George Ramogi naye alikuwa na wafuasi wake, ilhali Gabriel Omolo aliimba 'Lunch Time' kwa Kiswahili na kupendwa hata na wasiojua neno moja la Dholuo.

Mfanyabiashara Phares Oluoch Kanindo, ambaye baadaye alikuwa mbunge, alizisambaza santuri hizo hadi kusini mwa Afrika. Nchini Zimbabwe muziki huo uliitwa kwa jina lake, 'kanindo', na ukachangia kuzaliwa kwa mtindo wa sungura nchini humo.

Enzi hizo redio ilikuwa ya serikali pekee. Kituo cha Kisumu cha Sauti ya Kenya (VOK), shirika lililogeuka kuwa KBC mwaka 1989, kilitangaza kwa zamu katika Dholuo, Ekegusii na lugha nyingine za magharibi mwa nchi. Saa za kila lugha zilikuwa chache, lakini muziki wa nyumbani ulikuwa na nafasi yake ndani ya saa hizo.

Isidhaniwe kwamba mambo yalikuwa shwari. Misiani alitiwa mbaroni mara kadhaa kwa sababu ya nyimbo zake za mafumbo ya kisiasa. Idhaa ya taifa nayo ilipenda vya ng'ambo. Mnamo Machi 1980, VOK iliagizwa kwamba asilimia 75 ya muziki unaochezwa uwe wa Kenya. Malalamiko yalizuka na agizo hilo likaondolewa upesi.

Ng'ambo yenyewe ilikuwa na sura nyingi, na mojawapo ilikuwa muziki wa kantri kutoka Marekani. Jim Reeves, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1964, bado ana mashabiki wengi humu nchini, na wengi wao hawajawahi kuiona Marekani hata kwenye ramani.

Kwao Marekani, wakongwe wa kantri walipatwa na masaibu kama ya wakongwe wetu. Mnamo 1998 albamu ya Johnny Cash, 'Unchained', ilipata tuzo ya Grammy ilhali stesheni za kantri zilikuwa zimeipuuza. Kampuni iliyoitoa ilichapisha tangazo la kejeli katika jarida la Billboard likizishukuru stesheni hizo, na picha iliyoandamana nalo ilimwonyesha Cash akiinua kidole cha matusi.

Humu nchini, milango ya redio za kibinafsi ilifunguliwa miaka ya 1990. Kameme FM ilianza kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2000, na muda si muda Ramogi FM ikawafikia wasemaji wa Dholuo. Lugha iliyokuwa na saa chache sasa ikawa na siku nzima. Wengi walidhani benga ya kale ingefaidika.

Lakini redio ya biashara huishi kwa matangazo, na matangazo hufuata vijana na mazungumzo. Saa za asubuhi na jioni zilichukuliwa na mijadala. Muziki uliobaki uligawanywa baina ya nyimbo za injili, ohangla, bongo na rumba ya akina Musa Juma, aliyefariki mwaka 2011. Benga ya kale ilisukumwa kwenye vipindi maalumu vya kumbukumbu, mara nyingi usiku au wikendi.

Haitakuwa haki kuwalaumu watangazaji peke yao. Santuri zilipopitwa na kanda, na kanda zikanakiliwa kiharamu, rekodi nyingi za awali zilipotea au zikachakaa. Kijana wa leo hawezi kucheza asichokuwa nacho kwenye kompyuta. Shirika la Ketebul Music lilijaribu kuziba pengo hilo mwaka 2008 kwa kutoa mkusanyiko wa nyimbo na filamu kuhusu historia ya benga. Hata hivyo, mkusanyiko mmoja hauwezi kubeba yote yaliyorekodiwa.

Pana suala la pesa pia. Mirabaha hulipwa kazi inapochezwa, kwa hivyo wimbo usiosikika haumletei chochote mjane wala yatima wa aliyeutunga.

Na muda unayoyoma. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, rekodi hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Hivyo ulinzi wa rekodi za mwaka 1974 ulikoma mwishoni mwa 2024, na za miaka iliyofuata zinaendelea kukoma. Haki ya mtunzi hudumu zaidi, miaka 50 baada ya kifo chake. Misiani alifariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu mnamo Mei 2006, na tungo zake zitalindwa hadi mwisho wa 2056.

Kwa sasa benga ya kale inasikika zaidi matangani, kwenye matatu na katika simu za wahudumu wa bodaboda, ikiwa imehifadhiwa katika kadi ndogo za kumbukumbu. Baadhi ya nakala hizo zina upande wa kwanza tu wa santuri. Kisa husimuliwa, magitaa huanza kukimbizana, kisha wimbo hukatika.