Boma la Kalenga na Watu wa Bonde Letu

Ikitajwa ngome ya kale wengi wetu hufikiri Kilwa na mawe ya Husuni Kubwa, kazi ya miaka 600 na zaidi iliyopita. Lakini iko ngome nyingine, changa kuliko hiyo na karibu nasi zaidi, huko juu Uhehe, kando ya Ruaha Mdogo: ni boma la Kalenga, liitwalo Lipuli. Maji yapitayo hapo na maji ya Kilombero yetu hukutana katika Rufiji, na habari zetu nazo zilikutana.

Mkwawa aliuzungushia mji wake ukuta wa mawe na udongo. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, watu wake walimwua Zelewski na kuteka bunduki nyingi. Basi alijua ya kuwa Wadachi watarudi. Wakarudi mwishoni mwa Oktoba 1894, wakiongozwa na Gavana von Schele. Ukuta ule uliweza kuzuia mikuki, lakini mizinga haukuiweza. Boma likatwaliwa. Mkwawa akaponyoka, wala hakukamatwa hai, maana alijiua tarehe 19 Julai 1898. Fuvu lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Ukuta wenyewe umebaki vipande tu.

Watu huisimulia habari hii kana kwamba ni ya Wahehe na Wadachi peke yao. Sisi hatukubali. Kabla ya Wadachi kuja, majeshi ya Wahehe yalikuwa yakishuka milimani kuteka nyara bondeni, na Wandamba hawakuwa na mawe ya kujengea. Kimbilio lao lilikuwa mitumbwi na matete. Kwa watu hao Kalenga haikuwa ngome ya kuwalinda, bali mlango ambao adui hutokea. Ndiyo sababu Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bondeni, alifanya urafiki na Wadachi, na watu wake wakapigana upande wao juu ya Mkwawa. Wako wamwitao msaliti. Sisi twaona neno hilo ni jepesi mno kinywani mwa mtu ambaye nyumba yake haijachomwa.

Lakini Wadachi nao walijenga boma lao, huko Mahenge, wakatoza kodi. Tarehe 30 Agosti 1905, katika vita ya Maji Maji, Wambunga na Wapogoro walilishambulia. Kiwanga akasimama tena pamoja na Wadachi, akauawa katika vita hiyo.